Kompyuta nzito: mwongozo kamili wa kupima diski kuu na kujua kinachoibana

Kompyuta ikiwa nzito hapa Mbeya, iwe umeipeleka Kabwe, Mwanjelwa au Uyole, jibu utakalopewa huwa mojawapo kati ya mawili: tupige Windows upya, au nunua SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka). Wakati mwingine jibu hilo ni sahihi kabisa. Lakini mara nyingi mteja analipa, mashine inakimbia kwa muda, kisha inarudi palepale, kwa sababu hakuna aliyepima kabla ya kutengeneza. Kasi ya diski kuu inaamuliwa na mambo machache, na kila jambo lina dalili yake. Ukizijua dalili hizo unaweza kukaa mbele ya mashine yako mwenyewe, ukapima, na ukajua kama hela iende kwenye diski, kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kwenye waya, au ibaki mfukoni.

Nitazungumzia hasa diski za kuzunguka, kwa kuwa bado ziko kwenye kompyuta nyingi za mezani za steshenari, shule na ofisi za vyama vya ushirika, pamoja na mashine nyingi za mtumba. SSD nitaigusa inapobidi.

Kinachotokea ndani ya diski

Ndani ya lile kasha la chuma kuna sahani moja au zaidi, za aluminiamu au kioo, zilizopakwa tabaka la sumaku. Mota inazizungusha kwa mwendo usiobadilika. Pembeni kuna mkono wenye vichwa vidogo vya kusoma na kuandika, unaoingia na kutoka juu ya sahani. Hivyo ndivyo diski kuu zilivyofanya kazi tangu IBM ilipotoa ya kwanza mwaka 1956. Ile ya kwanza ilikuwa na sahani 50 na ilizunguka mara 1,200 kwa dakika. Za leo nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200, na zilizotengenezwa kwa ajili ya seva zilifika 15,000.

Ukifungua faili, diski inafanya mambo matatu kwa mfuatano. Mkono unahamia kwenye njia, yaani duara la sahani, ambako data ipo. Kisha kichwa kinasubiri sahani izunguke mpaka data ifike chini yake. Hapo ndipo inaanza kusoma.

Sasa tuweke namba. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani kichwa kinasubiri nusu yake, yaani 4.2. Kuhamisha mkono kunachukua kama 9. Jumla ni milisekunde 13 hivi kabla hujasoma hata herufi moja. Kwenye diski ya kompyuta mpakato yenye mizunguko 5,400, mzunguko ni milisekunde 11.1, kusubiri ni 5.6 na mkono unachukua kama 12. Jumla inakaribia 18. Maana yake ni kwamba diski hiyo ya mpakato inaweza kufuata vitu vilivyotawanyika mara 55 hadi 60 tu kwa sekunde.

Rudia hesabu hiyo taratibu, kwa sababu ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata. Tuseme programu inapofunguka inahitaji vipande 2,000 vidogo, kila kimoja kilobaiti 4, vilivyosambaa kwenye diski. Ukubwa wake wote haufiki hata megabaiti 8, lakini kuvikusanya kunachukua zaidi ya nusu dakika. Vipande hivyohivyo vingekuwa vimepangana sehemu moja, vingesomwa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ni tofauti ya kununua gunia zima la viazi kwa muuzaji mmoja pale Mwanjelwa, na kununua kiazi kimoja kimoja kwenye kila kibanda sokoni. Mzigo ni uleule, kinachokumaliza ni kuzunguka.

Ndiyo maana ile namba ya MB kwa sekunde inayoandikwa kwenye boksi la diski haikuambii mashine yako itawaka kwa muda gani. Namba hiyo inapima kusoma kwa mfululizo. Kuwasha Windows, kufungua kivinjari, kutafuta kwenye barua pepe, yote hayo ni kazi ya vipande vilivyotawanyika, na huko kinachotawala ni muda wa kusubiri.

Hatua ya 1: Tambua diski uliyonayo

Huna haja ya kufungua mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya Performance, kisha bofya Disk. Kwenye Windows 11 na Windows 10 za karibuni, utaona jina la modeli na kama ni HDD (diski ya kuzunguka) au SSD. Andika ile modeli kwenye karatasi, kisha itafute mtandaoni uone karatasi yake ya vipimo. Huko tafuta mambo matatu.

La kwanza ni mizunguko kwa dakika, ambayo tumeshaiona.

La pili ni msongamano wa data kwenye sahani, na hili watu wengi hulisahau. Sahani ikibeba data nyingi zaidi kwenye kila sentimita, kila mzunguko unapitisha data nyingi zaidi chini ya kichwa. Kwa sababu hiyo diski mpya ya terabaiti 1 yenye mizunguko 5,400 inaweza kusoma faili kubwa kwa MB 100 au zaidi kwa sekunde, huku diski ya zamani ya gigabaiti 160 yenye mizunguko 7,200 ikiishia 60 au 70. Muuzaji akikusifia diski ya mtumba kwamba "hii ni 7,200", muulize pia ni ya mwaka gani na ina ukubwa gani.

La tatu ni namna inavyoandika: CMR, ambako njia za data hazilaliani, au SMR. Kwenye SMR njia za data zinalaliana ubavu ili nafasi iongezeke, na kubadilisha njia moja kunailazimu diski iandike upya njia za jirani. Kwa kazi ya kawaida hutaona tatizo. Ila ukimwaga faili nyingi kubwa kwa mkupuo, inaanza vizuri, kisha eneo lake la akiba likijaa kasi inaporomoka vibaya. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa, Western Digital wakiwamo, walilazimika kutaja hadharani modeli zao zenye SMR baada ya wateja kulalamika. Kama unapiga video za harusi na sendoff na kila Jumapili unahamisha gigabaiti mia na zaidi, lipia CMR. Kama diski ni ya kuhifadhia tu picha za familia, SMR inatosha.

Kuna pia kache, yaani kumbukumbu ndogo ndani ya diski, kuanzia MB 8 hadi 256. Inasaidia kidogo. Usiongeze hela kwa ajili yake peke yake.

Hatua ya 2: Pima diski ikiwa kazini

Rudi kwenye Task Manager, Performance, Disk. Fanya ile kazi inayokukera, kisha tazama namba tatu: Active time (asilimia ya muda diski iko kazini), Average response time (wastani wa muda wa kujibu), na kasi ya kusoma na kuandika.

Kuna picha moja inayowachanganya wengi: diski iko asilimia 100, lakini kasi inaonyesha MB 0.6 kwa sekunde. Mtu anadhani diski imekufa. Kumbuka hesabu yetu: vipande 60 vya kilobaiti 4 kwa sekunde ni kama MB 0.24 tu. Diski inayotafuta vitu vilivyosambaa inaweza kuwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na namba ikaonekana ndogo vile. Hapo diski ni nzima, imezidiwa na aina ya kazi.

Muda wa kujibu ndio unaosema zaidi. Milisekunde 10 hadi 30 ni kawaida kwa diski ya kuzunguka. Ikipanda kwenye mamia kwa dakika chache huku kasi ikiwa ndogo, kuna foleni ya maombi, nenda hatua ya 3. Ikifika maelfu, kisha kila kitu kinaganda kwa sekunde kadhaa na kuachia ghafla, hata ukiwa na programu moja tu, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4, na nakili mafaili yako muhimu kwanza.

Ukitaka kipimo cha kusoma mfululizo, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika `winsat disk -drive c` na usubiri. Kwenye Linux ni `sudo hdparm -t /dev/sda`. Funga programu nyingine zote kabla ya kupima, la sivyo unapima vita kati yao.

Hatua ya 3: Angalia kama diski inalaumiwa bure

Chukua mashine ya steshenari: RAM ya GB 4, Windows 10, kivinjari kina kurasa kumi, Word imefunguliwa, antivirasi inakagua fleshi ya kila mwanafunzi anayekuja kuprinti. Task Manager inaonyesha kumbukumbu imejaa asilimia 90 na kitu. RAM ikijaa, Windows inahamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha inapohitajika. Sasa diski inafanya kazi ya RAM, na inaifanya kwa milisekunde 15 kila safari wakati RAM hutumia chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ukibadilisha diski hapo umeondoa nusu ya tatizo. Ukiongeza RAM ya GB 4, diski ileile inapumua.

Jambo jingine ni la mazoea yetu. Watu wengi huwasha kompyuta dakika ishirini, wanawasha intaneti kutoka kwenye simu, wanamaliza kazi na kuzima. Windows nayo inangoja nafasi hiyohiyo ipakue masasisho, ikague virusi na kupanga faharasa ya mafaili. Haimalizi kamwe. Kila ukiwasha inaanza tena, diski iko asilimia 100, na bando linakwisha. Dawa ni mbili. Weka intaneti ya simu kuwa ya kupimwa, yaani Metered connection kwenye mipangilio ya mtandao, ili isipakue ovyo. Kisha mara moja kwa wiki iache mashine iwake saa mbili tatu ikiwa na umeme na mtandao mzuri, bila wewe kuigusa, imalize shughuli zake.

Hatua ya 4: Kagua afya

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure. Inasoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiwekea. Usiridhike na neno la "Good" lililoandikwa kwa rangi ya bluu. Shuka chini utazame mistari hii.

Mstari wa 05 unahesabu sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya sahani vilivyoharibika, ambazo diski imeshazihamisha. C5 ni sekta zinazoshukiwa, zinazosubiri kuamuliwa. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. Zote zikiwa sifuri, vizuri. Programu hii kwa kawaida huandika thamani hizo kwa mfumo wa 16, kwa hiyo ukiona 10 jua ni 16. Unaweza kuibadilisha iandike kwa mfumo wa 10 kwenye menyu ya Function.

Kwa nini sekta mbovu inapunguza kasi hata kama zipo chache? Kichwa kikishindwa kusoma, diski haikati tamaa. Inasubiri sahani izunguke tena, inajaribu, inarekebisha kidogo mkao wa kichwa, inajaribu tena. Kila jaribio ni angalau milisekunde 8 hadi 11, na majaribio yanaweza kuwa mamia. Sekta moja inakula sekunde kadhaa, na kama iko ndani ya faili ambalo Windows inalihitaji kila mara, mashine nzima inasimama kuisubiri. Kupiga Windows upya hapa kunaonekana kama kumesaidia kwa sababu mafaili yamehamia sehemu isiyo mbovu, lakini ugonjwa unaendelea. Namba ya C5 ikiwa inapanda wiki hadi wiki, diski hiyo iondolewe kwenye kazi. Usiitengeneze kwa kuifomati mara tatu.

Tazama pia saa ilizowashwa. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Diski ya mtumba inayouzwa kama "haijatumika sana" halafu inaonyesha saa 40,000, imewaka zaidi ya miaka minne na nusu. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu uichomeke na kuikagua kabla hujalipa. Asiyekuruhusu, usinunue mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 5: Waya na tundu

Kwenye orodha ileile kuna C7, makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi. Namba hii haishuki hata tatizo likiisha, kwa hiyo angalia kama inaongezeka. Ikiongezeka, badilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na bodi, au uchomeke kwenye tundu jingine kabla hujalaumu diski. Ni tengenezo la bei ndogo kuliko yote, na linasahaulika kuliko yote.

Kuhusu SATA yenyewe usisumbuke. SATA ya kwanza hupitisha MB 150 kwa sekunde, ya pili 300, ya tatu 600. Diski ya kuzunguka ya kompyuta mpakato haiijazi hata ile ya kwanza.

USB ndiyo inayoumiza. USB 2.0 kwa uhalisia hupitisha MB 30 hadi 40 kwa sekunde. Gigabaiti 100 za video kwa MB 35 ni dakika 48. Diski hiyohiyo kwenye USB 3.0, ikisoma MB 110, inamaliza kwa robo saa. Kwenye kompyuta nyingi tundu la USB 3.0 lina plastiki ya bluu ndani, na waya wenyewe lazima uwe wa USB 3.0. Ule waya wa kichwa kipana chenye migawanyo miwili unaokuja na diski za nje ndio wenyewe.

Hatua ya 6: Nafasi na mpangilio

Njia za ukingoni mwa sahani ni ndefu kuliko za katikati, na zinabeba data zaidi kwa kila mzunguko. Kwa hiyo diski ileile inayosoma MB 110 ukingoni inaweza kushuka hadi 55 karibu na kitovu. Windows huanza kujaza kutoka ukingoni. Diski ikiwa tupu unaiona ina kasi, ikijaa asilimia 90 mafaili mapya yanatua ndani kabisa, tena kwa vipande vipande. Ukigawa diski, weka Windows na programu kwenye kizigeu (sehemu iliyogawanywa) cha kwanza, filamu na nyaraka za zamani kwenye kinachofuata.

Acha asilimia 15 hadi 20 iwe wazi. Kisha, kwenye Command Prompt ya msimamizi, andika `defrag C: /A` kuona hali ya mtawanyiko, na `defrag C: /O` kurekebisha. Amri hiyo ya pili inatambua aina ya diski: ya kuzunguka inaipanga upya, SSD inaipa huduma inayoifaa bila kuichosha. Diski yenye C5 iliyopanda usiipange. Unaipa kazi nzito ikiwa mgonjwa.

Mwinuko, baridi na muziki

Hapa kwetu nyanda za juu kuna swali ambalo watu huniuliza: hewa nyepesi inaathiri diski? Swali ni la maana, kwa sababu kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya tabaka la hewa, nanomita chache tu, na diski za kawaida zina tundu dogo lenye chujio la kusawazisha hewa ya ndani na ya nje. Usilizibe kwa stika. Watengenezaji huandika kikomo cha mita 3,048 hivi kwa diski ikiwa inafanya kazi. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700, Njombe inakaribia 2,000, na hata kilele cha Mlima Rungwe hakifiki 3,000. Kwa hiyo mwinuko wetu uko ndani ya mipaka.

Baridi ni habari nyingine. Diski nyingi zimeandikiwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 0 au 5. Asubuhi za Juni na Julai kule Makete na Njombe zinaweza kugusa hapo. Hatari kubwa zaidi ni unyevu: umetoka na kompyuta kwenye bodaboda, baridi imeingia mpaka ndani, unaingia chumba chenye jiko na watu, na mvuke unageuka matone ya maji kwenye vyuma. Iache ipate joto la chumba kwa saa moja ndipo uiwashe.

Mtikisiko unapunguza kasi waziwazi. Kichwa kikiyumba kidogo tu kinatoka kwenye njia, na lazima kisubiri mzunguko mwingine. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa kampuni ya Sun alizipigia kelele diski za seva huku akizipima, na muda wa kujibu ukapanda palepale kwenye grafu. Sasa fikiria steshenari yenye spika ya besi juu ya meza ileile ya kompyuta, au ofisi iliyopakana ukuta na mashine ya kusaga. Hamisha spika ikae kwenye rafu nyingine. Kompyuta weka juu ya kitu kizito kisichotetemeka.

Hatua ya 7: Ukiamua kununua

Kama umepima na umeona diski ni nzima, RAM inatosha, na bado kuwasha ni dakika tatu, hapo SSD ndiyo jibu. Haina mkono wala sahani, inajibu kwa takribani sehemu ya kumi ya milisekunde au chini yake, mara mia na zaidi ya diski ya kuzunguka. SSD ya SATA husoma hadi MB 550 kwa sekunde. Za NVMe, zinazotumia njia ya mawasiliano yenye kasi kuliko SATA, zinaenda mbali zaidi, lakini kwa kuwasha Windows na kuandika barua tofauti yake na ile ya SATA ni ndogo. Usijifilisi kwa ajili yake. Hakikisha tu mashine yako ina nafasi gani, maana zipo kadi za M.2 (SSD nyembamba zinazochomekwa kwenye bodi) zinazofanana umbo huku moja ikiwa SATA na nyingine NVMe.

GB 240 au 256 zinatosha kwa Windows na programu. Ile diski ya zamani, kama 05, C5 na C6 ni sifuri, inunulie kasha la USB 3.0, ihamishie humo video na nyaraka za zamani. Na kila mara, kabla hujaichomoa, itoe kwanza kwa ile alama ya kuondoa kifaa kwa usalama pale chini kulia, kwa sababu data ya mwisho inaweza kuwa bado iko kwenye kache, haijafika kwenye sahani.